Kisima kinachonuka petroli kisifukiwe tu

Mhariri,

Mtaani kwetu hapa Mtwara kuna kisima kinanuka petroli. Ukiteka, juu ya ndoo unaelea utando wa rangirangi. Wazee wanataka kifukiwe. Kwani mafuta yatakufa kwa kufukiwa?

Ardhini wamo bakteria wanaokula petroli, hata benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli na iletayo saratani, wakaigeuza maji na kaboni dioksidi. Kinachowakwamisha zaidi ni uhaba wa oksijeni. Kwingineko hupulizwa hewa kwa mabomba hadi kwenye maji ya chini, na virutubisho vya naitrojeni na fosforasi vikiongezwa. Huchukua miezi, pengine miaka, na tangi linalovuja lizibwe kwanza, la sivyo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Wahusika waje wapime. Kwa sasa tuleteeni boza la maji.

Msomaji wenu,
Mtwara