Kaliandra ni nzuri ila isijaze hori lote

Mhariri, mi nafuga huku Machame, ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi kadhaa, wote wa ndani. Kiangazi kilichopita majani yakawa bei mbaya, nikaambiwa we kata tu kaliandra, ule mti wa kulishia mifugo majani yake, ina protini kibao, basi nikawa najaza hori asubuhi na jioni. Maziwa yakashuka, mavi yakawa magumu, ng'ombe mmoja akasusa kabisa, huku mbuzi wanaitafuna kama bisi!

Kumbe ishu ni tanini. Chukua jani bichi utafune mwenyewe, utasikia ukakasi kama wa ndizi mbichi unakaza ulimi, ndo yenyewe hiyo. Inashikana na protini tumboni, vijidudu vya kusaga chakula vinakosa cha kufanyia kazi, na protini uliyoihesabu inatoka na mavi. Mbuzi mate yake yanaidaka tanini mapema, ng'ombe hana bahati hiyo sana. Ila sio sumu jamani, ikiwa kidogo inazuia tumbo kujaa gesi na protini nyingine inafika salama utumbo mdogo, ikivuka kama asilimia 5 ya chakula kikavu ndo balaa.

Wataalamu wakija semina waseme na hilo, sio "protini, protini" tu afu posho hao. Sasa nachanganya na matete na majani ya migomba, kaliandra haizidi robo, tena mbichi sio iliyonyauka. Maziwa yanarudi, kikombe kimoja kimoja.

Mfugaji, Machame, Kilimanjaro