Barua kwa Shangazi Aliyesema Mwisho Anaujua

Shangazi, shikamoo.

Jumapili uliponipigia uliniambia mambo mawili, na la pili ndilo lililoninyima usingizi. La kwanza ni la macho. Daktari ameona mtoto wa jicho, pande zote mbili, na unasubiri zamu ya upasuaji. Hilo tumwachie Mungu na madaktari, wengi wamefanyiwa na wanaona vizuri. La pili ulilisema huku ukicheka, kama unaongelea vyombo vilivyopasuka: umewaambia wajukuu wagawane vitabu vilivyomo kwenye lile sanduku la bati. "Nimeshavisoma vyote, mwisho wake naujua. Vinanikalia nini?"

Najua barua hii utasomewa na mjukuu kwenye simu. Mwanangu, msomee bibi polepole, na usiruke kitu.

Shangazi, wewe wa kusema hivyo? Umesahau ule uani wetu wa Ngamiani? Baada ya Isha ulifunika cherehani, ukatandika mkeka, ukaweka kandili pembeni. Sisi watoto tunakuzunguka, na majirani wawili watatu waliokuja kuomba chumvi hawaondoki tena. Kitabu hakikuwa na jalada, kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mende, lakini jina tulilijua: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Nimekuja kujua ukubwani kwamba hadithi ile ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Wakati ule kwetu ilikuwa ya kwako wewe. Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithi, alikuwa na sauti yake, nzito na ya taratibu, na kila ulipomfikia ulikaza midomo kana kwamba kile kiko chake cha tumbaku umekibana wewe.

Kisha, pale hadithi ilipokolea mpaka hakuna aliyekumbuka kufukuza mbu, ulichomeka kile kipande cha kanga nyekundu katikati ya kurasa, ukafunga. "Kwa leo yametosha."

"Aa, shangazi! Umetukatiza uhondo!"

Ulikuwa umeshanyanyuka na kandili lako, umetuachia giza.

Sasa nikuungamie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilikuwa naiba. Ukienda soko la Mgandini, mimi huyo chumbani kwako. Nainua mto, natoa kitabu, nasimama nyuma ya mlango na kuanza pale penye kanga kwenda mbele. Maneno nisiyoyajua nayaruka kama mtu anayeruka madimbwi. Nikisikia ndala zako uani, nakirudisha, na kile kipande cha kanga nakirudisha kwenye ukurasa uleule. Ndivyo nilivyojifunza kusoma, shangazi. Mwalimu alinipa herufi, ila njaa ya kusoma ulinitia wewe, kwa kufunga kitabu.

Mpaka siku nikafika mwisho. Nikamjua muuaji peke yangu, nyumba nzima haimjui. Furaha niliyokuwa nayo ilidumu mpaka jioni tu, maana niliona nimejiharibia. Usiku nitasikiliza nini tena?

Nikakaa mkekani na siri yangu. Ukaanza kusoma, na moyo ukaanza kunienda mbio vilevile. Nilipokuwa nyuma ya mlango nilikuwa nakimbilia jina la muuaji, basi. Sasa nilikuwa sina haraka, nikaanza kuona. Kumbe lile neno alilolitamka mtu mmoja kama la kupitishia muda lilikuwa limebeba kisa kizima. Kumbe mwandishi alishatuonyesha kila kitu, mchana kweupe, nasi tukatazama pengine. Wenzangu walikuwa wanauogopa mzimu, mimi nilikuwa namtazama Bwana Msa anavyotazama. Nilifaidi kuliko wote pale mkekani, na nilikuwa na umri wa miaka tisa.

Tangu hapo riwaya naipima hivyo. Mtu akiniambia kitabu fulani kimemkesha, namuuliza kama amekirudia. Zipo zinazokukimbiza usiku kucha, ukizimaliza zimekwisha, na sizibezi, zimenivusha safari ndefu za basi. Lakini iko ile ambayo mwisho wake unaujua na bado inakushika mkono.

Chukua Kuli ya Adam Shafi. Darasani mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948 ulikuwa mstari mmoja ubaoni, tukaunakili, tukafuta ubao. Mgomo ule ulikwishatokea, hakuna cha kufichwa hapo. Ila ukimfuata Rashidi bandarini, ukaona mizigo inavyopanda migongoni mwa watu, ukasikia wanavyoanza kuambizana kwa sauti ya chini, unakaa na wasiwasi kana kwamba lile jambo litaamuliwa kesho asubuhi na wewe umo. Nimeisoma mara nne. Viganja vinanitoka jasho mara zote nne.

Na Rosa Mistika je? Hicho hukutusomea. Ulikiweka chini ya godoro, mbali na mto, kwa sababu kilikuwa na sifa zake: Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, na kuna wakati kilikatazwa mashuleni. Nilikifikia nikiwa na miaka 16, nikamchukia Zakaria kwa namna alivyompiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Nilimchukia kama mtu wa mtaani kwetu. Mwaka huu nimekirudia. Mwanangu ana miaka 13, na jioni ile nilikuwa nimemnyang'anya simu baada ya kuona ujumbe nisioupenda. Nilisoma kile kipigo simu yake ikiwa mapajani mwangu, inawaka na kuzima. Nikafunga kitabu, nikaenda kumgongea mlango, nikamrudishia, tukaongea mpaka saa sita usiku. Halafu nikarudi kitandani kumalizia, na mwisho wa Rosa naujua miaka yote hii, lakini, shangazi, nilikuwa bado namwombea safari hii afike salama.

Kwa hiyo usiniambie mwisho unaujua. Nani asiyeujua?

Vuta N'kuvute, riwaya nyingine ya Adam Shafi, nilikununulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Siku ya tatu ukanipigia, hata salamu hukutoa: "Hivi huyu Yasmin anamtakia nini Denge?" Nikakujibu, ukakataa jibu langu, tukabishana mpaka salio likakuishia, nikakupigia mimi tukaendelea. Nilikuwa kazini. Nilisimama koridoni naongea habari za mtoto wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa, kama naongea habari za ndugu yetu. Wapita njia wakanipa pole.

Nakuomba basi. Sanduku lifungwe. Wajukuu wasome, tena wasome sana, ila wavisomee hapohapo kwako, na kila kitabu kirudi ndani. Ijumaa nachukua basi la asubuhi, jioni nitakuwa Tanga, na likizo yangu ni ya wiki mbili. Wewe kazi yako ni kutandika mkeka. Kandili halipo tena, lakini taa ya uani inatosha kwa macho yangu, na sauti ya Mwajuma wa Vuta N'kuvute nimeshaifanyia mazoezi.

Nitaanzia mwanzo kabisa, kwa Bwana Raza na duka lake. Na Yasmin akishafika Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, hapohapo nitachomeka kipande cha kanga, nifunge kitabu, niseme kwa leo yametosha. Kitabu nitakiacha chini ya mto. Mimi asubuhi nitakwenda Mgandini, na nitakawia kurudi.