Roketi ya Mwezini na miguu ya chuma ya Ngomeni

Mhariri,

Wasomaji wako wamevutana vya kutosha kuhusu Artemis, mpango wa Marekani wa kurudisha watu Mwezini. Mmoja anasema fedha hizo zingewalisha wenye njaa. Mwenzake anajibu kwamba binadamu hakuumbwa akae nyumbani. Mimi naona wote wamebisha hodi mlango usio sahihi.

Hoja ya njaa ni kongwe. Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11, safari ya kwanza kutua watu Mwezini, kuruka, Kasisi Ralph Abernathy, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alifika Florida na familia maskini pamoja na nyumbu kulalamikia umaskini. Mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, Thomas Paine, akatoka kuwasikiliza, akawaambia kwamba kama kutobonyeza kitufe kungeondoa umaskini, asingekibonyeza. Namwelewa. Bajeti ya NASA leo haifiki nusu asilimia ya matumizi ya serikali yao, na sijasikia mbunge akiahidi kwamba ikifutwa itageuka unga.

Ninachouliza ni hiki: humo humo ndani ya NASA, nani anashiba na nani analala njaa? Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa shirika hilo aliwaambia wabunge kwamba kila moja ya safari nne za kwanza za Artemis ingegharimu dola bilioni 4.1. Injini nne za roketi hiyo zimetoka kwenye shuttle, vyombo vya zamani vya NASA vilivyokwenda angani na kurudi. Zilitengenezwa ziende, zirudi, zikaguliwe, ziende tena. Sasa zinaruka mara moja na kuzama baharini. Nimekulia kwenye mashua, na sijaona nahodha anayetupa mashine ya boti kila akifika pwani. Lakini sheria ya Marekani ya 2010 ilitaka roketi mpya itumie mikataba na vipuri vya shuttle kadiri iwezekanavyo, na ajira zikabaki kwenye majimbo ya wabunge walioipigia kura.

Mwaka 2024 ikapendekezwa kupunguza fungu la Chandra, darubini ya NASA ya eksirei (X-ray) iliyo angani tangu 1999. Kuiendesha kunagharimu chini ya dola milioni 70 kwa mwaka. Piga hesabu: safari moja ya Artemis ni karibu miaka 60 ya Chandra.

Nyanya yake Chandra aliondokea hapa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka San Marco, jukwaa la baharini lenye miguu ya chuma mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano waliirusha setilaiti ya Marekani ya kilo kama 140. Ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu, na vipimo vyake vilisaidia kuibua habari ya Cygnus X-1, shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Ndani hamkuwa na mtu. Marehemu baba alikuwa akivua karibu na ile miguu ya chuma. Lalamiko lake pekee lilikuwa kufukuzwa siku za kurusha.

Sisemi watu wasiende. Hubble, darubini nyingine ya angani, ilikuwa na makengeza mpaka wanaanga walipoitengeneza kwa mikono yao mwaka 1993. Kama Mwezini kuna kazi ya namna hiyo, itajwe, itiwe bei, iwekwe mezani kando ya Chandra. Mpaka leo ninachosikia zaidi ni nani atatangulia, Mmarekani au Mchina.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Malindi