"Acha wasiwasi" si dawa

Kwa Mhariri,

Neno wasiwasi twalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana, na wagonjwa wanaumia kwa hilo. Mzazi wa Changamwe asiyelala kwa kuwa shule zinafunguliwa na karo haijatimia ana wasiwasi wa kawaida. Una chanzo, na karo ikilipwa unaisha.

Kwa mwenye ugonjwa wa wasiwasi, karo ikilipwa hofu inahamia kwa mtoto aliyepanda feri Likoni, kisha kifua cha mama, kisha kazi ambayo hakuna aliyetishia kuichukua. Daktari huuita wasiwasi ugonjwa ukidumu miezi 6 au zaidi, siku za hofu zikizidi za utulivu, mwenyewe akishindwa kuuzuia na maisha yake yakivurugika. Mtu mzima pia awe na angalau dalili 3 kati ya hizi 6: kutotulia, kuchoka upesi, akili kutokaa juu ya jambo moja, hasira za karibu, misuli kukaza na usingizi mbovu. Wengi hulalamikia shingo na tumbo tu, wakarudi nyumbani na dawa za maumivu.

Viko vinavyouiga. Muguka, miraa na kahawa tungu za usiku huufanya moyo uende mbio na kukata usingizi. Tezi ya shingo ikizidisha kazi hufanya vivyo hivyo, na kipimo cha damu huionyesha.

Nyumbani, tenga dakika 20 za kushughulikia hofu kila siku, saa ileile, wala si kitandani. Hofu ikija kabla ya saa hiyo, iandike kwa neno moja na uiahirishe. Saa ikifika, hofu yenye la kufanywa iandikie hatua ya kwanza. Ya "je, ikiwa" usiijibu. Wengi huharibikiwa hapa: hupiga simu mara kumi kuuliza "umefika?" Jibu hutuliza kidogo tu, nayo akili inajifunza kuwa bila simu pana hatari.

Dawa za ugonjwa huu kama sertralini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wanaoiacha wiki ya pili hawajaijaribu. Diazepamu hutuliza upesi lakini hujenga uraibu, na kuikata ghafla ni hatari. Dua na kisomo viendelee; kliniki haivizuii.

Tunaomba kila zahanati ya kaunti itumie dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7, lenye maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na mwenye 10 au zaidi apelekwe kuchunguzwa. Halizidi dakika tano, na linaweza kujazwa mgonjwa akiwa bado kwenye foleni.

Washauri nasaha,
Tudor, Mombasa