Simbilisi aliyefiwa na mwenzake: msisubiri azoee

Mhariri,

Kuanzia Makete na Njombe hadi Mafinga na Mbeya, simbilisi (guinea pig kwa Kiingereza; wapo wanaowaita pimbi) hufugwa jikoni, na watoto huwapa majina. Wakiwa wawili, mmoja akafa, yule anayebaki hujikunyata pembeni na kunyamaza. Wakubwa husema: ana majonzi, mwacheni, atazoea. Kauli hiyo imepoteza simbilisi wengi. Siku ya kwanza mwenye majonzi na mwenye ugonjwa hufanana sana, na kilichomuua wa kwanza huenda kimeshamwingia wa pili.

Majonzi yapo kweli. Huyu ni mnyama wa kundi; kule Uswisi, kanuni za mwaka 2008 zinamtaka mfugaji asimweke peke yake. Kupoa siku mbili tatu na kula kivivu si ajabu. Kuacha kula kabisa si majonzi. Utumbo wake hutembea kwa kusukumwa na majani mapya, na yakikosekana kwa saa 12 huanza kusimama, gesi inajaa, tumbo linakuwa gumu kama ngoma. Asiyekula kwa siku nzima ni mgonjwa mahututi.

Kwa hiyo pima, usikisie. Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Mpime kila asubuhi kabla ya kumpa majani, kwa wiki mbili. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Akipungua 50 mfuatilie kwa karibu, akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Tazama na mavi asubuhi: yawe mengi, yanalingana, yana unyevu kidogo. Yakiwa madogo, makavu, yamechongoka upande mmoja, hali tumboni si nzuri.

Kisha mwekee jani mbichi mbele yake na umtazame. Aliyepoa tu huligeuzia kichwa, baadaye akalirudia. Mwenye meno mabovu hulifuata kwa hamu, hulishika, hulitafuna kidogo, kisha huliangusha, na kidevu chake kimelowa mate. Meno yake hukua maisha yote, na anayelishwa pumba bila majani magumu hayasagi. Magego hupinda hadi kuubana ulimi. Kuyakata ni kazi ya daktari.

Mgeuze mikono ya mbele. Manyoya ya upande wa ndani yakiwa yamegandamana, anajifuta kamasi. Huenda ni homa ya mapafu. Kijidudu kinachoileta mara nyingi hukaa kwa sungura na mbwa bila wao kuugua, ndiyo maana banda moja na sungura halifai. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu na moshi wa jikoni huongeza hatari.

Akichechemea au magoti yamevimba, fikiria vitamini C. Mwili wake hauitengenezi, kama wa binadamu. Anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na 30 akiwa mgonjwa. Gramu 30 za pilipili hoho mbichi zinamtosha. Kidonge kisiyeyushwe kwenye maji ya kunywa. Vitamini huharibika upesi.

Sasa neno zito zaidi: msimpe amoksilini, ampisilini wala penisilini. Dawa hizo huua vijidudu vyema vya utumbo wake, vibaya vikatawala, na mnyama akafa kwa kuhara siku chache baadaye huku mwenyewe akidhani ugonjwa ulimshinda. Ivamektini ya ng'ombe ya asilimia 1 nayo hutibu upele, lakini simbilisi wa gramu 800 anahitaji mililita 0.02 hadi 0.03 tu, kiasi kisichofika hata tone zima. Daktari ndiye aizimue, na irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

Wakati mnamtafuta daktari, mlisheni. Loweka pellet za sungura (chakula cha vipande vikavu vilivyoshindiliwa) kwenye maji ya uvuguvugu ziwe uji, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, pitisha pembeni nyuma ya meno ya mbele, mililita moja moja, ameze kwanza. Kwa siku mililita 50 hadi 80 kwa kilo, mara tano au sita. Tumbo likiwa limejaa gesi, usimlishe kwanza.

Na yule aliyekufa msimzike haraka. Ulizeni alikula nini: majani ya parachichi na ya viazi mviringo ni sumu kwake, na huku kwetu yako kila shamba. Mzoga uliopoa kwenye barafu, usiogandishwa, unaweza kuchunguzwa katika maabara ya mifugo ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) iliyopo Iringa. Nawa mikono kwa sabuni. Baadhi ya vijidudu vyake humpata mtu.

Mwenza mpya awekwe mbali wiki mbili hadi tatu, kisha wakutane mahali pasipo pa yeyote, penye majani sehemu mbili. Jike asiyewahi kuzaa na amezidi miezi saba asiwekewe dume: nyonga zimeshashikana, na kuzaa kunaweza kumuua.

Mtaalamu wa mifugo,
Njombe