YAH: Boila mliyotufungia imetaka kutulipukia

Meneja habari za kazi,

Mimi ndo mwenye gesti ya Soweto hapa Moshi, mlitufungia boila ya kuni mwezi wa tatu ili wageni wakishuka mlimani wakute maji ya moto. Nimepiga simu ofisini kwenu mara nne naambiwa "tunalifanyia kazi mama", sasa naandika.

Alhamisi usiku umeme ulikatika, pampu ikasimama, kuni zikaendelea kuwaka maji hayaendi popote. Saa nne hivi mlinzi kaja mbio, mama boila inanguruma kama fuso linapanda mlima. Nikamulika tochi nikiwa mlangoni, mshale wa geji ya presha umeshapita kwenye nyekundu na valvu ya usalama, ile ya kutoa presha ikizidi, iko kimya, haitoi hata tone.

Nikampigia fundi wenu, akajibu "ingizia maji ya baridi itapoa". Hivi anajua anachosema?? Chuma kimepata moto vile ukikiingizia maji yanageuka mvuke hapo hapo, lita moja ya maji ni zaidi ya lita 1,600 za mvuke, sasa huo mvuke ungetokea wapi? Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa boila kiwandani, bila yeye ningemsikiliza fundi wenu na saa hizi mngekuwa mnachangia msiba.

Mlinzi alifunga kile kidirisha cha hewa cha chini moto ukose pumzi, akatoka. Basi, hatukugusa bomba wala koki wala kumwagia kuni maji. Tukatoa wageni saba mpaka getini na mashuka yao, wawili walishuka Kilimanjaro siku hiyo hiyo hata miguu hainyooki maskini, nikapiga zimamoto 114, wakasema kaeni mbali iachwe ipoe yenyewe. Ilifika saa nane usiku.

Asubuhi ndo tunakuta valvu imezibwa kwa plagi! Nikakumbuka mwezi wa sita ilikuwa inadondosha, fundi wenu akaja akachukua 60,000 yangu akasema imepona. Kumbe ile valvu ilikuwa inatuambia presha inazidi, yeye akaiziba mdomo.

Nataka valvu mpya, pampu iwekewe betri ya akiba, na 60,000 yangu irudi. Fundi huyo msimtume tena. Boila siwashi, nachemsha maji kwenye gesi na risiti za mitungi naweka, mtazilipa nyie.

Mje kabla ya Jumamosi, nina kundi la watu 12 wanashuka.