Nani atalala vyumba vya uani?

Katesh, Oktoba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo. Mama yako anaendelea na dawa za presha, na goti limempa nafuu kidogo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatishana maneno, halafu wewe unasema salio limeisha.

Jana fundi alikuja kunionyesha ramani uliyomtumia: fremu tatu mbele, vyumba vinne vya kupangisha uani. Amesema umeshalipia tripu mbili za mawe na anataka kuchimba msingi kabla vuli haijakolea. Nimemwambia asubiri. Usimgombeze, mama. Ni mimi niliyemzuia.

Kujenga sikukatai. Tangu uanze kazi hujawahi kuniacha nikope ada ya wadogo zako, na hilo nalisema hata mbele za watu. Ninachokataa ni mahali: kile kiwanja chetu cha kando ya korongo, chini ya Mlima Hanang, tope lilipopita. Na ninakuuliza jambo moja ambalo hujanijibu mpaka leo: katika vile vyumba vinne, nani atalala?

Si wewe, wewe uko Dar es Salaam. Si mimi na mama yako. Mvua ikigonga bati tu yeye anakaa kwenye kiti mpaka kunapambazuka, hata hapa tulipopanga. Atakayelala pale ni mgeni. Kijana wa bodaboda, mwalimu aliyepangiwa kazi huku, mama lishe wa stendi. Atakuja kiangazi, atalikuta korongo kavu, mlima umetulia na kodi ni nafuu. Utamwambia nini? Au utanyamaza?

Umesema mlima ulishatoa kilichokuwemo. Nani kakuambia? Baada ya maporomoko ya ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji mpaka ikazidiwa, ikameguka, ikashuka kama tope. Haikuwa volkano kama watu walivyovumisha. Sasa mlima wa zaidi ya mita 3,400, nani ameuzunguka wote akakuta uliobaki ni mgumu mtupu? Watu zaidi ya 80 tumewazika, mwanangu. Mvua za vuli bado zinakuja kila mwaka.

Na huo ukuta wa mawe unaotaka kuuweka upande wa korongo, mimi nimeona mawe makubwa kama gari yakiletwa na tope, na magogo yakifika mpaka sokoni. Ukuta wako utakuwa mawe ya kuongezea tu.

Najua kwa nini unapang'ang'ania. Fremu ya pale haikai wiki bila mtu. Mwenzangu mmoja aliyepewa nyumba Waret, walikohamishiwa waathirika, anashukuru, ni nyumba nzuri ya tofali, lakini genge lake la nyanya lilikuwa mjini, na wateja hawakuhama naye. Ni kama wale wa bonde la Jangwani huko Dar es Salaam uliowahi kunisimulia wewe mwenyewe, waliopewa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wengine wakarudi bondeni kwa sababu kibarua chao kiko mjini. Siwalaumu. Mwenye njaa ana hesabu zake. Lakini wewe huna njaa hiyo. Una mshahara na una pengine pa kujenga. Kama ni lazima fremu ziwe pale, weka vibanda vya mbao vinavyofungwa jioni watu wakaondoka. Pasilale mtu.

Babu yako pale alipaacha pawe malisho ya ndama. Hakuwahi kusimamisha hata kibanda. Aliyepima nyumba ni mimi, mwaka ule viwanja vya karibu na barabara vilipopanda bei.

Kuna jambo lingine ambalo nilitaka unisaidie, ni la pesa. Yule mpangaji wetu wa chumba cha mwisho alikuwa amelipa kodi ya miezi mitatu mwezi Novemba, kabla ya ile Jumapili. Ile pesa sijaigusa, iko kwenye bahasha ndani ya sanduku la mama yako. Nimesikia mama yake yuko Singida. Mwaka jana nilipanda basi, nikashukia njiani, nikarudi. Jumamosi ile jioni, mvua ilipozidi, alikuja mlangoni kuniuliza kama aende akalale kwa dada yake kule juu ya barabara. Nilimwambia alale, maji ya korongo yana njia yake. Sasa mtu anaanzaje kumkabidhi mama wa mtoto bahasha? Ukija Desemba twende wote, wewe unaweza kuongea na watu kuliko mimi.

Lile shamba la alizeti kwenye barabara ya Singida nimekwenda kulitazama tena. Ekari moja na nusu, upande wa juu pamenyooka, na nguzo za umeme zimeshafika kwa jirani. Nitakukatia kipande kilicho karibu na barabara, na kaka yako amekubali ingawa amenuna. Mpigie, anaona unazungumza na mafundi kuliko yeye. Mawe uliyolipia yatahamishiwa kule, fundi anataka nauli ya lori tu. Mwambie wewe kwa mdomo wako, maana mimi ananiona mzee mwoga.

Mbaazi zimekauka vizuri mwaka huu. Nitakuwekea debe mbili kwenye basi la Alhamisi, ukazipokee mapema zisije zikalowana stendi. Bati la jikoni linavuja na mama yako ameweka sufuria chini. Nisipopata fundi wa kupanda juu nitapanda mwenyewe, usimwambie.

Nijibu kabla ya Jumatatu, fundi ananingoja.

Baba yako